Kiti cha Eames: cha zamani au kopi mpya?

Watu wakiniuliza kama wanunue kiti cha Eames cha zamani au kopi mpya inayofanana nacho, mimi huwauliza kwanza: kikiharibika, nani atakitengeneza? Kazi yangu ni kushona na kukarabati makochi hapa Grand Rapids, Michigan. Mji huu ulikuzwa na viwanda vya fanicha, na ukiendesha gari kidogo tu unafika Zeeland, yalipo makao makuu ya Herman Miller, kampuni yenye haki ya kutengeneza kiti hicho. Waswahili tupo wengi hapa, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na siku hizi wengi wananunua nyumba na kuzipamba. Ndiyo maana naandika.

Kwa asiyekifahamu, kiti chenyewe kilibuniwa na Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Marekani, kikaingia sokoni mwaka 1956. Ni maganda matatu ya plaiwudi iliyopindwa, mito ya ngozi, na mguu wa alumini wenye matawi matano. Huja na stuli ya kuwekea miguu, nayo ina matawi manne. Ubora wake umo kwenye maungio. Ganda la mgongo limeungwa na sehemu za mikono kwa vipande vya raba vilivyogandishwa kwa gundi upande wa ndani, kwa hiyo ukiegemea, kiti kinakufuata kidogo. Ukikizunguka kwa nyuma huoni bolti iliyotoboa mbao.

Hapohapo ndipo kinapozeekea. Raba hukauka, gundi huachia, na siku mtu mzito akijitupa kwa nguvu ganda linaweza kung'oka na kuchana tabaka za mbao. Kwa hiyo usikikalie kiti cha zamani kabla ya kukikagua. Mwombe muuzaji ruhusa ya kutoa mto wa mgongo. Hutoka bila kushonolewa chochote. Tazama raba, bonyeza ganda taratibu, tafuta ufa kwenye mbao inayozizunguka. Raba zilizochoka hazinitishi, kwa sababu mpya zinauzwa na fundi anayejua kazi huzigandisha upya. Ganda lililopasuka ni jambo jingine kabisa. Na ukikuta bolti zimepigwa kutoka nje, ama kiti ni kopi, ama kuna mtu alikikarabati kwa pupa na kukishusha thamani. Kwa vyovyote usilipe bei ya kiti kizima.

Mbao nayo inasema mengi. Viti vya miaka ya mwanzo vilitumia rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu. Maganda yalikuwa na tabaka tano. Ya baadaye yana saba. Mito ya mwanzo ilijazwa manyoya, ikafuata sponji. Biashara ya kimataifa ya rozwudi hiyo ilifungwa mwaka 1992 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na kampuni ikahamia mbao nyingine. Kwa hiyo kama unawaza kununua cha rozwudi hapa Marekani kisha ukipakie kwenye kontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa, tafuta vibali kwanza. Mzigo usio na karatasi unaweza kuzuiliwa forodhani hata kama kiti kina umri mkubwa kuliko wewe. Cha mjozi (walnut) hakina kikwazo hicho, na kwa macho yangu kinapendeza vilevile.

Stika ya jina la kampuni iliyo chini ya kiti isikulaze usingizi. Stika hubanduka, na hubandikwa. Kiti halisi hakina wenzo wa kukilaza. Mwinamo wake ni uleule mmoja. Ukiona wenzo, hiyo ni kopi, hata muuzaji akiapa.

Sichukii kopi kwa sababu ni kopi. Ninachokichukia ni jinsi nyingi zinavyotengenezwa. Ngozi yake mara nyingi ni mabaki yaliyosagwa na kugandishwa juu ya kitambaa, nayo huanza kubanduka magamba, na hakuna mafuta ya kuiponya. Vipimo hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, hivyo vipuri vya kiti halisi havikai. Mteja akiniletea kopi iliyovunjika maungio, mara nyingi inanibidi nimwambie kwamba gharama ya kuitengeneza inapita bei aliyoinunulia. Inaniuma kila mara, kwa sababu wengi waliipata kwa kujinyima.

Walio Uingereza wajue pia kwamba sheria huko ilibadilika mwaka 2016, na ulinzi wa hakimiliki, unaozuia kopi zisizo na ruhusa, kwa vitu vya aina hii vinavyotengenezwa viwandani ukarefushwa hadi miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu. Kwa Ulaya na Mashariki ya Kati, mwenye haki ya kutengeneza viti vya Eames ni Vitra.

Sasa pesa. Kipya cha Herman Miller kinazidi dola 5,000, na wengi wetu hatuna fedha hiyo ya kuweka sebuleni. Cha zamani kilicho kizima huwa nafuu, lakini bado si rahisi. Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mdogo ni huu: achana na jina la Eames. Chukua ile fedha ya kopi ukatafute kiti cha Denmark cha miaka ya 1950 au 1960, cha mtiki mtupu. Vipo vya kiwanda cha France & Søn, vingine vimebuniwa na Grete Jalk, mbunifu wa Denmark, na vipo vingi visivyo na jina lolote lakini vimefanywa na mafundi waliojua kazi. Huku Marekani hupatikana kwenye minada ya vitu vya nyumbani, pale familia inapouza mali za mzee aliyefariki au aliyehama.

Fremu ya mbao tupu hupigwa msasa na kupakwa mafuta ikarudi kung'aa. Mito yake ni ya kuweka na kutoa, kwa hiyo fundi yeyote wa makochi, awe Grand Rapids au Keko ya Dar es Salaam, anaweza kushona mipya na kuijaza sponji. Shika kila maungio uyatikise. Yakicheza kidogo, gundi inatosha. Kisha inua mto utazame chini. Ukikuta mikanda ya raba, vuta mmoja kwa kidole. Ukiwa mgumu na wenye nyufa, yote inatakiwa kubadilishwa, kazi ndogo ya mchana mmoja. Ondoa gharama hiyo kwenye bei kabla hujatoa pesa.