Maswali ya Wasomaji: Vijiji Vitano vya Cinque Terre na Magoti ya Mama

SWALI: Mimi na mume wangu tumekusudia kumpeleka mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 69, kuviona vijiji vya Cinque Terre nchini Italia mwezi Septemba. Mume wangu anataka tukodi gari na kulala kila usiku katika kijiji kingine, ili tusikose hata kimoja. Magoti ya mama yanamsumbua, hasa kwenye ngazi, ingawa mwenyewe hapendi kuambiwa hivyo. Je, mpango huu unafaa, na maombi ya viza tuyaanze lini? (S.M.)

JIBU: Bi S.M., kwanza mwombe mumeo asamehe hilo la gari. Vijiji hivyo vimebanwa kati ya majabali na bahari ya Liguria, na magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka ndani yake, kwa hiyo anayekwenda na gari huishia kuliegesha katika miji jirani ya Levanto au La Spezia, akashusha mizigo yake na kupanda treni ileile ambayo angeweza kuipanda tangu mwanzo. Ukitokea La Spezia, treni husimama Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso al Mare kwa mfuatano huo, na kutoka kijiji kimoja hadi kinachofuata ni dakika chache tu. Sehemu kubwa ya njia iko ndani ya mahandaki: giza, kisha ghafla bahari yote dirishani, kisha giza tena kabla abiria hajawahi kutoa simu yake kupiga picha.

Kwa kuwa treni ni nyingi na umbali ni mdogo, kuhama kila usiku ni kujitafutia adha. Nawashauri mlale Monterosso usiku tatu au nne na kuvitembelea vijiji vingine kutokea hapo. Wapo watakaokwambia kwamba Vernazza, yenye bandari ndogo na mnara wa kale juu ya jabali, inapendeza zaidi, nami siwabishii. Hata hivyo Monterosso ndiyo yenye ardhi tambarare kuliko vijiji vingine. Stesheni yake inatazamana na ufuko wa Fegina, na mji wa kale unafikiwa kwa miguu kupitia handaki fupi. Mnapotafuta chumba, msiridhike na maneno "karibu na stesheni". Mwulizeni mwenye nyumba ni ngazi ngapi kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani, naye aandike idadi, kwa sababu nyumba za huko zimejengwa kwenda juu na lifti ni nadra.

Kijiji kitakachompa mama taabu ni Corniglia. Hicho peke yake hakiko ukingoni mwa maji, bali kimekaa juu ya genge, yapata mita 100 kutoka usawa wa bahari. Kutoka stesheni hupandwa kwa ngazi ziitwazo Lardarina, ambazo zinazidi 370 na hupinda huku na huku zikiwa zimeachwa wazi kwa jua. Lipo basi dogo linalopanda kutoka stesheni. Mlisubiri, hata kama mama atasema anaweza.

Matembezi hayajamkataa moja kwa moja. Njia iitwayo Via dell'Amore, kati ya Riomaggiore na Manarola, haifiki hata kilomita moja, imechongwa ubavuni mwa jabali na kwa sehemu kubwa haina mwinuko. Ilifungwa Septemba 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Huingiwa kwa tiketi yake maalumu na kwa saa iliyowekwa, hivyo nafasi ikatwe mapema. Bahari ikiwa shwari, pandeni pia boti, ambazo husimama katika vijiji vyote isipokuwa Corniglia. Akiwa amekaa kwenye benchi la boti, mama ataona vizuri zaidi namna nyumba za rangi zilivyobebana juu ya miamba kuliko mpanda milima yeyote.

Kuhusu viza, ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Msisubiri siku 15 hizo, kwa maana uchunguzi wa maombi unaweza kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ikiwa mtapitia nchi nyingine za Schengen, maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi.

SWALI: Nimesikia kwamba huko mtu hutozwa faini kwa kuvaa kandambili. Ni kweli, au ni mzaha? (Msomaji)

JIBU: Ni kweli, ila si kijijini wala ufukweni. Mwaka 2019 uongozi wa Hifadhi ya Taifa ya Cinque Terre ulitangaza faini ya euro 50 hadi 2,500 kwa wanaoingia njia za milimani na viatu visivyofaa, kwa kuwa waokoaji walichoka kuwabeba walioteleza. Njia kati ya Monterosso na Vernazza, kwa mfano, huchukua karibu saa mbili na ina ngazi za mawe zisizolingana, nyingine zikifika magotini. Hupita katikati ya matuta ya mizabibu yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kazi hiyo ya mikono ya karne nyingi ni sababu mojawapo ya eneo lote kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Ukuta ukiachwa bila kutunzwa, mvua huusomba pamoja na udongo wake. Vernazza iliyaona hayo tarehe 25 Oktoba 2011, mafuriko yalipoujaza tope mtaa wake mkuu. Atakayekwenda majira ya mvua aulize asubuhi kama njia iko wazi.

SWALI: Tutakuwa Florence siku tano. Tunaweza kwenda Cinque Terre na kurudi siku moja? (J. na mkewe)

JIBU: Mnaweza, ila chagueni vijiji viwili, labda Manarola na Vernazza. Safari ya treni hadi La Spezia ni kama saa mbili na nusu, na mtafika pamoja na makundi ya watu wa meli za kitalii. Afadhali mlale huko usiku mmoja, kwa sababu jioni makundi hayo huondoka na gati hubaki kwa wavuvi na paka. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda treni.