Mashine ya mfululizo ya kupakia risasi: vituo vinne au vitano?

Mkuu, umesema una mashine ya hatua moja, bastola yako ni ya 9mm na bunduki ni .308, unafyatua 9mm kama mia nne hivi kwa mwezi, na rafiki anakusukuma ununue ya mfululizo yenye vituo vitano (kituo ni nafasi moja ambapo ganda hufanyiwa kazi moja), inayojizungusha yenyewe. Nadhani anakuharakisha. Najibu kwa niliyopitia, nikichukulia kwamba ulipo sheria inaruhusu mtu kupakia risasi nyumbani, maana kuna nchi zinazotaka kibali na kuna zilizokataza kabisa.

Kuchoka kwako nakuelewa. Kila ganda la bastola linapita kwenye dai tatu au nne, yaani vyuma vinavyofungwa kwenye mashine kuliunda ganda na kuweka kichwa cha risasi, kwa hiyo risasi mia moja ni kuvuta mkono wa mashine mara mia tatu au mia nne. Kwenye ya mfululizo, sahani inayozungusha maganda toka kituo hadi kituo ikishajaa, kila ukivuta inatoka risasi moja kamili. Tofauti hiyo utaipenda siku ya kwanza. Lakini ya hatua moja ilikuwa inakulinda bila wewe kujua: ulikuwa unafanya jambo moja, kisha unapanga maganda hamsini kwenye kibao, unamulika tochi, unaona baruti imekaa sawa katika yote. Kwenye ya mfululizo mambo manne matano yanatokea kwa mpigo mmoja na macho ni mawili tu.

Mimi nilianza na ya vituo vitano inayojizungusha. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Jioni moja fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ilikwama ikiwa imelala upande. Nikarudisha mkono nusu, nikatoa ganda moja, nikalirudisha, nikasukuma tena. Sahani ikazunguka nami sikumbuki ganda lipi lilikuwa limekwisha kupata baruti. Nikaendelea, nikijipa moyo. Wiki iliyofuata kwenye shabaha mlio mmoja ukatoka hafifu, kama mtu aliyepiga kofi. Nashukuru nilisimama. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu, na ningefyatua nyingine nyuma yake mtutu ungevimba au kupasuka. Ganda lile lilikosa baruti, fataki peke yake ndiyo iliyosukuma. Swali lililonikosesha usingizi: kama moja lilikosa, lipi lilipata mara mbili? Nikazivunja zote zilizobaki, mia moja na themanini na kitu, moja moja kwa nyundo ya kuvunjia. Sikuipata yenye mara mbili, lakini mkono uliuma siku mbili.

Kwa hiyo nikiangalia mashine sasa, swali langu la kwanza ni kama nikikaa mahali pangu pa kawaida naona ndani ya ganda kabla kichwa hakijawekwa juu. Idadi ya risasi kwa saa nitaiuliza baadaye. Kaa mbele yake kama unaweza, kwa urefu wa kiti chako. Nyingine nguzo au mwili wa mashine unaziba kabisa. Taa ndogo ya kubandika chini ya kichwa cha mashine husaidia kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Hapo ndipo vituo vitano vina maana. Ukiwa navyo, cha kwanza kinatoa fataki kuukuu na kurudisha ganda umbo lake, cha pili kinatia baruti na kupanua mdomo, cha tatu unaweka kengele ya baruti inayolia kiwango kikipungua au kuzidi, cha nne kinaketisha kichwa, cha tano kinabana mdomo. Kwenye vinne kengele haina nafasi, isipokuwa uketishe na kubana kwa dai moja, jambo ambalo mimi silipendi. Lakini angalia: wengi wananunua vituo vitano, halafu cha tatu wanakiwekea kifaa cha kulisha vichwa ili waende kasi zaidi. Basi wamerudi palepale, bila kengele, na mwendo umeongezeka.

Mashine ya kuzungusha kwa mkono, kama Dillon RL 550 yenye vituo vinne, haisogei mpaka wewe usogeze sahani. Watu huiona ya kizamani. Mimi naona kwa anayetoka hatua moja ndiyo mwalimu mzuri: kitu kikikwama, kila ganda linabaki mahali pake, unarekebisha kwa utulivu. Hatari yake ni kinyume: ukisahau kuzungusha, ganda lilelile linapata baruti tena. Dawa yake ni kuchagua baruti yenye ujazo mkubwa, ili kipimo kikiingia mara mbili ganda lifurike mezani ulione. Baruti ya kuungua haraka huweza kujaza chini ya nusu ya ganda la 9mm, na mara mbili yake ikaingia bila kufurika. Nenda na kitabu cha mtengenezaji wa baruti, usichukue kipimo cha mtu yeyote mtandaoni, hata mimi.

Zinazojizungusha zinatofautiana. Hornady Lock-N-Load AP huzungusha sahani nusu mkono ukishuka na nusu ukipanda, hivyo mwendo ni laini na baruti hairuki ovyo. Dillon XL 650 ilikuwa na kisahani cha fataki kinachozunguka. XL 750 iliyoirithi imerudi kwenye kipande kinachoteleza cha kulishia fataki, ambacho usipotumia fataki kinabaki nayo. Mambo ya fataki uyachunguze sana, maana huko ndiko mashine nyingi husumbua. Mimi nataka ile inayoketisha fataki nikisukuma mkono mbele, niisikie kwa kiganja inavyoingia.

Kubadili kaliba: uliza unabadili nini hasa. Kichwa cha mashine kinachochomolewa kikiwa na dai zake ni dakika chache. Kinachochosha ni kutoka fataki ndogo kwenda kubwa. Hakikisha pia inapokea dai za kawaida za nyuzi 7/8-14, ambazo unazo tayari. Square Deal B ya Dillon, kwa mfano, inatumia dai zake yenyewe.

Meza iwe nzito na ifungwe ukutani. Ikicheza, vipimo vya baruti navyo vinacheza. Vaa miwani. Nawa mikono ukimaliza, mabaki ya fataki yana risasi ile ya madini. Hakuna simu, hakuna mazungumzo. Mrija mmoja wa kulishia mashine ni fataki mia, nami kila mrija ukiisha nasimama, nahesabu: risasi zilizotoka zisipolingana na fataki zilizoingia, sianzi mrija mwingine mpaka nijue kwa nini.

Kwa mia nne kwa mwezi ningechukua vituo vinne vya kuzungusha kwa mkono, na mwezi wa kwanza ningepakia kwa ganda moja tu kwenye sahani, toka mwanzo hadi mwisho, mpaka mkono uzoee. Ungekuwa unafyatua elfu mbili ningekuambia vitano, na kengele isitoke kituo cha tatu. Ile .308 iache kwenye mashine ya zamani, na usiiuze. Yangu bado imefungwa mwisho wa meza, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuchomoa vichwa vya risasi nilizozitilia shaka.