Jibu: Kijiji hakisomi mapato na matumizi, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umesema tangu mwaka jana hamjasomewa mapato na matumizi, ushuru wa mnada unakusanywa kila wiki, na ujenzi wa zahanati umeishia kwenye lenta. Nilikuwa kamati ya fedha ya halmashauri ya kijiji chetu, yalitukuta hayohayo.

Kwanza ombeni kuona kitabu cha mihtasari ya mikutano ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kama haukuitishwa, hoja yenu ianzie hapo, msianze kumwita mtu mwizi. Sisi tulikuta mahudhurio ya majina arobaini, sahihi zote mwandiko mmoja. Iliniuma sana.

Kisha mwandikieni mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, wenyeviti wa vitongoji wasaini. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo wataikana. Wakikaa kimya, nendeni kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya mkaombe mkaguzi wa ndani.

Ila tuambie, huo ushuru wa mnada ni wa kijiji au wa wilaya? Barua itategemea hilo.