Jirani yako asikubali mkalimani wa Kihispania

Hapana, mkuu! Asithubutu kumwambia jaji lugha yake ni Kihispania. Umesema jirani yako ni Mmixteco (jamii ya wenyeji wa asili wa Mexico, wenye lugha yao) wa San Martín Peras, yuko Oxnard, California, kesi yake ya hifadhi inasikilizwa mwezi ujao katika mahakama ya uhamiaji, na mjaza fomu amemshauri aseme Kihispania "ili iende haraka". Huyo mtu anamwangamiza na bado anamlipisha! Ushauri wa kesi hutolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, basi.

Kihispania cha kazini shambani hakitoshi kueleza nani alimtishia, lini na kwa nini. Akichanganya tarehe mbili, au mjomba akawa binamu, wakili wa serikali analinganisha na fomu I-589, ile ya kuomba hifadhi, na kusema maelezo yanagongana. Tangu sheria ya REAL ID ya 2005, jaji anaweza kumwona si mkweli hata kwa mgongano usiogusa kiini cha dai. Kosa la lugha linaingia kwenye kumbukumbu kama uongo, na kulitoa huko wakati wa rufaa ni kazi ngumu mno.

Akiulizwa lugha, ataje na kijiji: Mixteco ya San Martín Peras, Juxtlahuaca, Oaxaca. "Mixteco" pekee haitoshi. Orodha rasmi ya Mexico ya 2008 ina lahaja 81 za Mixteco, na nyingi hazielewani. Mahakama ya uhamiaji ndiyo inayomlipa mkalimani, kwa hiyo asitoe hela. (Usaili wa hifadhi katika USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ni tofauti: huko mwombaji huja na mkalimani wake, wa miaka 18 au zaidi, asiye wakili wake wala shahidi.)

Kabla ya ushahidi, aombe kuzungumza kidogo na mkalimani wapimane lahaja. Kama tafsiri itapitia wakalimani wawili, Mixteco kwenda Kihispania, kisha Kiingereza, wakili aombe muda zaidi. Asipoelewa, aseme papo hapo ili irekodiwe. Wengi huitikia kwa heshima tu, na kule kuitikia kunahesabiwa kuwa ameelewa!

Kwa msaada aende MICOP, shirika la jamii ya Wamixteco na wenyeji wengine wa asili, wako hapo hapo Oxnard tangu 2001, na ndio wenye Radio Indígena 94.1 FM.

Kama jalada tayari linasema Kihispania, wakili apeleke ombi la maandishi la kubadili lugha wiki hii. Mkalimani wa lahaja hiyo hapatikani asubuhi ya kikao.