"Boot Device Not Found" baada ya kubadilisha diski: usipige Windows upya kwanza

Waalaykum salaam ndugu yetu wa Wete. Nimelifahamu suala lako: laptopu ya HP, diski ya kuzunguka ya GB 500 imetolewa, imewekwa SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 uliyoiagiza kutoka Darajani, kila kitu kimehamishwa kwa programu ya kukloni (kunakili diski kama ilivyo), na sasa ukiwasha unapata skrini nyeusi yenye "Boot Device Not Found" na namba 3F0. Fundi wa kwanza kakwambia mazabodi imekufa, wa pili anataka kupiga Windows upya.

Kwa sasa usimkubalie hata mmoja. Mashine inayofika kukuandikia 3F0 imeshapita ukaguzi wake wa mwanzo, yaani prosesa, memori na skrini ziko hai. Huenda tundu la diski pekee lina kasoro, na hilo linapimika. Kupiga Windows upya nako hakukusaidii: kama kosa ni la waya, utakwama pale pale; kama kosa ni la partisheni (kipande cha diski) ndogo ya kuwashia, utafuta mafaili ambayo yalikuwa salama. Ujumbe wa 3F0 hausemi kwamba diski haipo. Unasema tu kwamba mashine haikupata pa kuwashia. Kwa hivyo kila kitu kinaanzia hapa: BIOS (programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows) inaiona diski, au haiioni?

Zima kabisa, kisha washa huku ukigonga Esc mfululizo mpaka menyu itokee. F10 ni BIOS, F9 ni kuchagua cha kuwashia, F2 ni vipimo vya HP. Kwenye HP nyingi za nyumbani ukurasa wa mwanzo wa BIOS hautaji diski, na watu wengi hukatia tamaa hapo bila sababu. Ingia F2, kisha Component Tests, kisha Hard Drive. Ikiwa diski ipo utaiona na unaweza kuipima hapo hapo. (Wenye Dell: F2 kwa BIOS na F12 kwa menyu. ThinkPad: F1 na F12. IdeaPad: F2 na F12, au kile kitufe kidogo cha Novo. Acer: F2, lakini F12 haifanyi kazi mpaka uiruhusu ndani ya BIOS.) Ukiona "Start PXE over IPv4" usishtuke, maana yake mashine imekosa pa kuwashia kwenye diski ikaanza kutafuta kwenye mtandao.

KAMA HAIIONI

Chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa plagi ya betri kabla hujagusa chochote, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.

Sasa itoe SSD na uiweke mezani ubavuni mwa diski ya zamani. Diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5, SSD ya inchi 2.5 ina milimita 7. Hizo milimita 2.5 zinazopungua zina maana kubwa. Kwenye mashine ambazo diski inakaa ndani ya fremu ya mpira na kushikwa na mfuniko tu, bila skrubu, SSD inacheza. Inakaa upande, pini zinaingia nusu, na ukigeuza laptopu inapotea kabisa. Baadhi ya SSD huja na fremu nyembamba ya plastiki ndani ya boksi, watu huitupa wakidhani ni ya kufungia mzigo. Kazi yake ni kujaza pengo hilo. Kama huna, kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa karibu milimita 0.76, kwa hivyo vipande vitatu vikipangwa juu ya mgongo wa SSD, mbali na pini, vinatosha. Usitumie karatasi ya fedha wala kipande chochote cha chuma. Na kama diski yako inafungwa kwa skrubu za ubavuni, hizo ni M3 fupi. Skrubu ndefu inaingia mpaka kwenye ubao wa ndani wa SSD na kuutoboa.

Kisha angalia waya wa utepe unaotoka kwenye diski kwenda mazabodi. Mwisho wake una kifunga kidogo cheusi. Kinyanyue kwa ukucha, ingiza utepe mpaka mstari wake uwe sambamba na mdomo wa tundu, ndipo ukilaze. Utepe uliofungwa upande hata kidogo unakupa diski inayoonekana leo na kutoweka kesho, na watu hununua SSD ya pili kwa sababu hiyo.

Liko jambo jengine la huku kwetu, nalo ni hewa ya bahari. Laptopu iliyokaa miaka karibu na dirisha linaloelekea pwani, hasa wakati wa masika na upepo wa kusi, pini zake hupata madoa meusi au ya kijani. Diski ya zamani ilikuwa inafanya kazi kwa sababu haikuwahi kuchomolewa. Ulipoichomoa ulisogeza ile kutu, na diski mpya haigusani vizuri. Sugua pini za konekta taratibu kwa ufutio mweupe, pangusa kwa spiriti kwa kijiti cha pamba, acha dakika kumi zikauke. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate nayo yana chumvi.

Kwa wenye SSD za M.2, zile ndogo kama kipande cha ubani wa kutafuna: soma lebo kama imeandikwa SATA au NVMe (njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na mashine), na usitegemee pengo la pini peke yake. Kadi yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, lakini zipo NVMe chache zenye mapengo mawili pia. Tundu lililoungwa kwa SATA pekee haliioni NVMe hata ukeshe nayo.

Baada ya hapo fanya vipimo viwili vya kubadilishana diski. Chukua SSD mpya, itie kwenye kesi ya USB, ichomeke kwenye kompyuta nyengine. Kisha irudishe diski ya zamani ndani ya laptopu. SSD ikionekana nje na diski ya zamani isionekane ndani, kosa ni la waya au tundu. SSD isipoonekana popote, irudishe dukani. Tahadhari moja: diski mpya ambayo haijawahi kutumika haionekani kwenye This PC, lazima ufungue Disk Management (ndani ya Windows) uianzishe kwa GPT, yaani mpango mpya wa kugawa diski. Nyingi zimerudishwa dukani kuwa mbovu kumbe ni hilo tu.

KAMA INAIONA LAKINI HAIWAKI

Kwa maelezo yako, mimi naona uko hapa. Kuna sababu mbili kubwa, na zinafanana kwa sura.

Ya kwanza ni mashine na diski kutofuata mpango mmoja wa kuwasha. Windows iliyopigwa kwa mpango wa zamani iko kwenye diski iliyogawiwa kwa MBR na inataka BIOS iwashe kwa njia ya zamani, Legacy. Iliyopigwa kwa mpango mpya iko kwenye GPT na inataka njia mpya, UEFI. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia Zanzibar zina betri ndogo ya BIOS, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, iliyochoka. Ulipochomoa betri kubwa ili ubadilishe diski, BIOS ikasahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani. Dalili yake ni tarehe: ukiingia BIOS ukakuta mwaka wa nyuma kabisa, ndiyo hiyo.

Kujua diski yako ni ipi, iunge kwenye kompyuta nyengine kwa USB, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Angalia safu ya mwisho kulia, iliyoandikwa Gpt. Kukiwa na nyota kwenye safu hiyo, mstari wa diski yako, ni GPT. Pakiwa patupu, ni MBR. Nyota ipo, weka UEFI na uzime Legacy Support. Nyota haipo, washa Legacy Support. Kwenye HP utaikuta System Configuration, Boot Options. Ukishahifadhi, mashine itajizima na kuwaka na maandishi yenye namba nne, ikikutaka uziandike na kubonyeza Enter. Ziandike kwa namba za juu ya herufi. Hakuna kisanduku na huzioni unapoandika, ndivyo ilivyo. Wengi hapa hudhani kibodi imekufa, wanazima, na badiliko halihifadhiwi.

Sababu ya pili ni kukloni C peke yake. Diski ya GPT yenye Windows ina partisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100, ambayo haina herufi na huioni kwenye This PC. Ndiyo inayowasha. Ukichagua C tu kwenye programu ya kukloni, mafaili yako yote yanahama na kiwashio kinabaki kwenye diski ya zamani.

Hii inatengenezeka bila kupoteza faili hata moja. Tengeneza fleshi ya Windows (GB 8 inatosha, kwenye programu ya Rufus ya kutengenezea fleshi chagua GPT na UEFI), ianzishe kupitia F9, na kwenye ukurasa wa kuchagua lugha bonyeza Shift+F10. Andika:

diskpart
list disk
select disk 0
list partition
list vol

Hakikisha disk 0 ni SSD yako kwa kuangalia ukubwa. GB 240 itaonekana kama GB 223, usidhani umeibiwa. Iangalie pia herufi ya Windows: ndani ya fleshi mara nyingi C inageuka kuwa D, kwa hivyo itafute kwa ukubwa wake. Ikiwa partisheni ya FAT32 ipo, ichague kwa select vol na namba yake, kisha assign letter=S, kisha exit. Ikiwa haipo, chagua partisheni ya Windows kisha:

shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32 label=System
assign letter=S
exit

Mwisho, ukibadilisha C kama herufi yako ni nyengine:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Jibu linalotakiwa ni "Boot files successfully created." Toa fleshi, washa. Utakuta watu wengi wanapendekeza bootrec /fixboot. Kwenye UEFI mara nyingi inakujibu "Access is denied" na unabaki pale pale. bcdboot inaandika kiwashio upya, ndiyo ninayoiamini.

Kama diski ni MBR na mashine haina Legacy tena, kwenye dirisha hilo hilo la amri la fleshi tumia mbr2gpt /validate /disk:0 kwanza, na ikikubali, mbr2gpt /convert /disk:0, halafu weka UEFI. Inakataa ikiwa kuna partisheni kuu zaidi ya tatu.

Yaliyobaki ni machache. Skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ina maana diski imepatikana ila Windows haina draiva ya njia ya kuifikia, mara nyingi kwa sababu BIOS imehama kutoka RAID kwenda AHCI (mipangilio miwili ya kuifikia diski) au kinyume. Irudishe ilivyokuwa, inawaka. Ukiombwa namba 48 za BitLocker (kifuli cha diski cha Windows), hizo hazikisiwi: zitafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Na wanaopiga Windows kwenye Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, kisha wakaambiwa hakuna diski, wanahitaji draiva ya Intel RST kwenye fleshi, wabonyeze Load driver.

Kuhusu kukloni kwenyewe: kama betri ya laptopu imekufa na unategemea chaja tu, usianze. Umeme ukikatika katikati, SSD inabaki nusu na programu nyengine hata hazikuambii. Na kama diski ya zamani inalia tak tak au asilimia zimeganda pahala pamoja kwa saa nzima, simamisha, ina sehemu mbovu. Okoa picha na nyaraka kwanza, Windows baadaye. Mara ya kwanza unapowasha SSD, diski ya zamani isiwe imeungwa hata kwa USB, kwa sababu zote mbili zina kitambulisho kimoja na Windows inaweza kushika ile ya zamani. Ihifadhi kwenye mfuko mkavu, usiifute mpaka SSD iwe imewaka na kuzimwa bila tatizo kwa wiki mbili.

Anza na F2. Ikiiona SSD, nenda moja kwa moja kwenye diskpart, piga picha majibu ya list disk, list partition na list vol kwa simu, uyaweke hapa. Nitakuandikia amri zako moja moja kwa namba za diski yako, ili usije ukachagua partisheni siyo.