Maswali ya Wasomaji: Karani wa Dagaa na Kozi ya Wiki Sita

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Igombe, wilayani Ilemela. Mimi ni karani katika ghala la mfanyabiashara wa dagaa. Kwa miaka minane nimekuwa nikiandika mizigo inayoingia na kutoka katika daftari, na tangu mwaka jana ninaiandika pia kwenye kompyuta. Kuna kituo kimoja mjini kinachotangaza kozi ya wiki sita ya uchambuzi wa data kwa ada ya shilingi 850,000, na tangazo lake linasema kwamba mhitimu atakuwa amebobea katika Excel, SPSS, Python, Power BI na akili mnemba. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Je, nitoe akiba yangu, au ndiyo njia ya kuliwa fedha? Nimeambatisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari ili muone kazi yangu.
Karani wa Igombe

JIBU: Ndugu Karani, tangazo linaloahidi mambo matano makubwa kwa wiki sita lipimwe kama mnunuzi mzoefu anavyolipima gunia la dagaa: asiridhike na wale wa juu, bali aingize mkono hadi chini. Kila kilichotajwa humo kina kazi yake (Excel ni ya majedwali, SPSS ni ya takwimu, Python ni lugha ya kuandikia programu, Power BI ni ya michoro na ripoti), lakini mwanafunzi anayeanza ni vigumu kukimudu hata kimoja vizuri katika muda huo, hasa ikiwa kompyuta moja inachangiwa na watu watatu. Ushauri wetu ni kwamba akiba yako usiitoe sasa. Tunaeleza sababu kwa urefu kwa kuwa barua za namna hii zimetufikia nyingi, na kwa kuwa ukurasa uliotutumia umetufundisha na sisi.

Katika ukurasa huo kuna mstari unaosomeka hivi: “Mama N. ndoo 6 na gunia 2, moja si safi, 3/4.” Wewe unaelewa ulichoandika. Mgeni atajiuliza iwapo 3/4 ni tarehe 3 Aprili au ni robo tatu ya kitu fulani, na kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa tarehe 4 Machi bila kumuuliza mtu yeyote. Ndoo nayo haijatajwa ni ya lita kumi au ya lita ishirini. Mistari michache chini yake mama huyo huyo, kama hatukosei, ameandikwa “M. N.”, na kompyuta itamhesabu kuwa watu wawili. Hakuna programu itakayoyarekebisha hayo kwa niaba yako, iwe ya bure au ya mamilioni, na kozi inayorukia michoro ya rangi kabla ya kukufundisha kuandika mstari unaoeleweka imeanzia mwisho.

Kwa hiyo anza na jedwali lako mwenyewe. Kila mzigo upewe mstari wake, na kila jambo lipewe safu yake: tarehe, namba ya muuzaji, aina ya kipimo, idadi, uzito kwa kilo, daraja la dagaa, bei. Kizio kiandikwe kwenye kichwa cha safu, si ndani ya visanduku pamoja na namba, kwa sababu kisanduku chenye “kilo 45” ni maneno mbele ya kompyuta, nayo haiwezi kujumlisha maneno. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Safu ya namba za simu iwekwe katika mfumo wa maandishi kabla hujaanza kuijaza, la sivyo sifuri ya mwanzo itatoweka, na utakapotaka kumpigia muuzaji ndipo utakapoijua hasara yake. Wapo pia wanaopaka rangi nyekundu kwenye mistari ya wadaiwa. Rangi haichujiki wala haijumlishiki kwa urahisi, hivyo ni afadhali kuongeza safu ya “deni”. Ukishayazoea haya, jifunze majedwali ya muhtasari, ambayo yatakuonyesha kwa dakika chache ni muuzaji yupi alileta kilo ngapi kwa kila mwezi.

Usidhani mambo haya ni madogo. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa Korona hawakuingia kwa wakati katika hesabu ya kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa. Nchi ile haikuwa na upungufu wa wataalamu. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha idadi ya mistari iliyotumwa na idadi ya mistari iliyopokelewa, kama wewe unavyohesabu magunia kwenye gari kabla ya kusaini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukulitaja, nalo kwa maoni yetu ndilo mtaji wako mkubwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti dagaa kama unavyowavuta gizani. Kijana mwenye shahada ambaye hajawahi kukanyaga mwaloni akipewa daftari lako anaweza kulinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, akaona mzigo umeanguka, na akamwandikia tajiri ripoti kwamba samaki wanaisha au wauzaji wamehamia ghala la jirani. Wewe usingekosea hapo. Ungelinganisha giza na giza, na ungejua kwamba mzunguko huo una siku 29 na nusu, kwa hiyo hauendi sambamba na miezi ya kalenda. Ongeza safu moja inayoonyesha siku ya mwezi mwandamo, na jedwali lako litakuwa na kitu ambacho mwalimu wa mjini huenda hakukifikiria.

Somo linalofuata ni takwimu za msingi, na hapo kidato cha nne kinakutosha. Tuseme umepokea mizigo mitano ya kilo 40, 45, 50, 55 na 400. Wastani wake ni kilo 118, ingawa hakuna muuzaji hata mmoja aliyeleta mzigo unaokaribia kilo 118. Ukiipanga kuanzia mdogo hadi mkubwa na kuchukua ule wa katikati, unapata kilo 50, namba inayomweleza muuzaji wa kawaida kwa haki zaidi. Mtu anayejua lini atumie namba ipi kati ya hizo mbili amekwisha kuwa mchambuzi, hata kama hana cheti.

Baada ya hapo ndipo programu zinapokuwa na maana. SPSS ni ya kulipia, na nakala za wizi zinazouzwa katika baadhi ya steshenari jirani na vyuo huja na virusi vyake. Python, pamoja na R, lugha nyingine inayotumika sana katika takwimu, ni za bure, na LibreOffice inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi za Excel bila malipo. Kwa maoni yetu ujifunze kwanza SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kabla ya Python, kwa sababu makarani wengi wanaoingia katika kazi hii hukutana na taarifa ambazo tayari zimehifadhiwa mahali fulani. Akili mnemba isubiri.

Ukiamua baadaye kulipia kozi, nenda kituoni ukakae darasani saa moja kabla ya kutoa hata shilingi. Uliza iwapo kila mwanafunzi ana kompyuta yake, iwapo unaruhusiwa kuleta data yako mwenyewe, na ni nani atakayesahihisha kazi zako. Anayekataa data yako kwa kisingizio kwamba mtaala una mifano yake anakuuzia mifano. Elewa pia kwamba cheti cha wiki sita si astashahada wala stashahada, hata kiwe na mhuri wa dhahabu. Kama nia yako ni sifa ya kuajiriwa serikalini, uliza kuhusu usajili wa chuo na programu zake katika Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET.

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita. Yeye anavutwa na takwimu, lakini mjomba wake anamtaka asomee utunzaji wa kumbukumbu. Tofauti ni ipi, na wapi yanafundishwa?
Mama wa Nyegezi

JIBU: Mama yetu, fani hizi mbili ni ndugu. Katika zahanati mhudumu huandika kila mgonjwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi jumla zake huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta uliotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Oslo. Mtakwimu huuliza jumla hizo zinasema nini. Mtunza kumbukumbu huuliza kitabu cha mwaka juzi kiko wapi, nani alikichukua na kitatunzwa hadi lini. Sisi wa kando ya ziwa tunajua gharama ya kukosekana kwa swali hili la pili: meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, ya daraja la tatu haikuwepo, na hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna tofauti.

Takwimu zinafundishwa katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho kipo Changanyikeni, Dar es Salaam. Utunzaji wa kumbukumbu unafundishwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kampasi yake mojawapo ipo Tabora, si mbali sana nanyi. Sifa za kujiunga zisomwe katika miongozo ya udahili ya mwaka husika. Kama binti anapenda hesabu mwacheni asome takwimu; mjomba atasamehe.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana hapa Nansio, Ukerewe. Majina, namba za vitambulisho na madeni ya wanachama ninayatunza kwenye simu yangu, na kila mwezi ninatuma orodha ya wadaiwa katika kundi la WhatsApp. Mwanachama mmoja amelalamika. Ana haki?
Mweka Hazina

JIBU: Analo la kusema, Ndugu Mweka Hazina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililomfanya azitoe. Mwanachama alikupa namba ya kitambulisho ili apate mkopo, si ili deni lake lisomwe na shemeji zake. Ifute orodha hiyo katika kundi na umtumie kila mdaiwa ujumbe wake peke yake. Iwekee simu namba ya siri, na nakala ya daftari ibaki kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, pamoja na fedha. Sheria hiyo ina masharti pia ya usajili kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi, kwa hiyo katibu aandike barua kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuuliza iwapo kikundi chenu kinaguswa, na jibu litakalokuja lisomwe mkutanoni.