Nambari zinazorudi zilikotoka

Mwanangu, umeuliza anayesomea dainamiki ya hesabu, yaani elimu ya nambari zinazopitishwa kwenye kanuni moja tena na tena, hufanya nini hasa, na kama ni kazi ya kumlisha mtu. Nitakueleza nilivyowaandikia vijana kwa chaki barazani hapa Langoni, Lamu. Chukua -1/4. Izidishe kwa yenyewe, kisha toa 29/16. Unapata -7/4. Rudia: 5/4. Rudia tena, umerudi -1/4! Hatua tatu tu, kama mashua iliyozunguka Manda ikatia nanga palepale Shela.

Sasa kanuni ikiwa ni hiyo, zidisha kwa yenyewe halafu ongeza au toa nambari ile ile kila mara, na nambari zote ziwe nzima au za sehemu kama 5/4, mzunguko unaweza kuwa mrefu kiasi gani? Mwanahisabati Morton alithibitisha kuwa wa hatua nne haupo. Mwaka 1997 Flynn, Poonen na Schaefer wakaufunga mlango wa tano. Wa sita umefungwa kwa sharti, kwamba dhana nyingine kubwa iwe kweli. Kuanzia saba, swali liko wazi mpaka leo, na mimi naona hapo ndipo utamu ulipo.

Kuhusu riziki, mtazame Joseph Silverman, mwanahisabati wa fani hii: uzamivu Harvard 1982 chini ya John Tate, kisha miaka mingi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Brown. Alianzia kwenye mikunjo ya eliptiki, yaani mistari iliyopinda inayotokana na milinganyo fulani, na baadaye akafika pia kwenye ufundi wa kulinda siri za kompyuta. Njia ni ndefu, lakini ipo.

Anza na 0, kila mara zidisha kwa yenyewe kisha toa 1: 0, -1, 0. Huo wa hatua mbili. Ukija likizo niletee mwingine wa hatua tatu.